Almasi isiyo na cheti kwenye pete ya uchumba: ujanja au kupigwa?

Mleta mada (Ngamiani, Tanga)

Wakuu habari za jioni. Kuna ubishi umezuka huku kijiweni umeshindwa kuisha nimeona niulete hapa tuujadili kwa uwazi. Mdogo wangu anaoa, barua ilishapokelewa, wazee wameshaelewana mahari, kilichobaki ni pete ya uchumba. Sasa kuna jamaa kamletea almasi. Kaitoa kwenye kikaratasi cheupe kilichokunjwa kunjwa, kijiwe kina upana wa milimita 5 hivi, anasema ni nusu karati, imetoka mgodi wa Mwadui kule Shinyanga, cheti hamna na ndo maana anaiuza milioni moja na laki mbili tu, eti dukani Dar yenye cheti ungelipa mara tatu. Wakaenda kwa sonara, sonara akaigusa na testa, testa ikalia piii, basi kijiwe kizima kikalipuka kama Coastal Union kafunga goli Mkwakwani.

Mie msimamo wangu ni kwamba asinunue, sio kwa hela hiyo. Na sisemi kuwa jiwe bila cheti ni feki, msije mkanilisha maneno. Almasi zipo tangu enzi na enzi, hivyo vyeti vya kupanga ubora maabara ya vito ya GIA ya Marekani wameanza kuvitoa 1955 tu, na hata leo vile vijiwe vidogo vidogo vinavyozunguka pete havina cheti kimoja kimoja popote pale duniani. Tatizo langu ni hili: jamaa anauza bei ya almasi ya asili, ila uthibitisho alionao ni wa "almasi" tu, tena nusunusu.

Testa nyingi za masonara zinapima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Kioo na zirkonia, lile jiwe rahisi la kutengeneza linaloiga almasi, zinakamatwa hapo hapo. Lakini kuna jiwe jingine la kuiga linaitwa moisanaiti, sio almasi ila nalo linapitisha joto vizuri tu, testa ya kawaida inalia vile vile, mpaka uwe na ile testa nyingine inayopima na umeme. Na hata ukilivuka hilo kuna almasi za maabara, hizo ni almasi kwelikweli, kaboni ile ile, ugumu 10 ule ule, tofauti ni kwamba zimekuzwa kwenye mashine kwa wiki kadhaa badala ya kukaa chini ya ardhi miaka na miaka. Testa inazipitisha, jicho linazipitisha, na bei yake miaka hii ya karibuni imeporomoka vibaya mno. Sasa kama hiyo ya mdogo wangu ni ya maabara, hiyo milioni na laki mbili amelipia nini?

Halafu kuna swali moja nilimuuliza yule jamaa akaanza kuangalia simu. Nilimuuliza imekatwa wapi. Maana almasi ya Mwadui ikitoka inatoka ghafi, inauzwa kwa zabuni, inaenda nje, na almasi nyingi za dunia hii zinakatwa Surat kule India. Sasa hii imetoka Shinyanga ikaenda India ikakatwa ikasafishwa ikarudi mpaka Tanga barabara ya kumi na mbili mfukoni mwa mtu, njia nzima hiyo haina hata risiti moja? Karibuni mtoe mawazo.

Mdau wa Makorora

Mkuu unakuza mambo. Hapa Tanga nani atamvua bi harusi pete akasome namba za GIA? Shangazi zake wataangalia dhahabu, ni ya 18 au 21, nzito au nyepesi, basi. Na siku mkikwama mkaipeleka kuiuza, sonara analing'oa jiwe anakupa mkononi "hili lako", anapima dhahabu tupu. Sote tumeliona hilo. Sasa huyo mwenye cheti na asiye na cheti si wametoka dukani na hela ile ile? Cheti ni biashara ya wazungu, unalipia karatasi. Williamson alipompa Princess Elizabeth lile jiwe la pinki la Mwadui mwaka 1947 la karati 54 na nusu, ambalo walilikata likabaki 23 na pointi, kulikuwa na cheti cha nani?

Mleta mada

Kaka, aliyetoa lile jiwe ni mwenye mgodi. Wewe sio Elizabeth na jamaa yetu sio Williamson.

Ila hapo kwenye kuuza umesema kweli na mie nalikubali, almasi ndogo sio akiba, anayekwambia nunua kama uwekezaji huyo ana lake. Ndo maana sasa nashangaa, kama jiwe halirudishi hela kwa nini utoe hela nyingi kwa kitu ambacho hujui ni kitu gani?

Dada wa Chumbageni

Jamani nyie wanaume mnabishana testa, joto, Surat, hakuna hata mmoja kataja atakayeivaa. Mie nasema hivi, mwanaume akija akaniambia hii ni zirkonia, uwezo wangu ndo huu, nitaivaa na nitaivaa kwa raha zangu. Shida ni kuvishwa mbele za watu, vigelegele vinapigwa, mshenga anatangaza "almasi hiyo, almasi hiyo", mama yangu anawapigia simu ndugu zake mpaka Mombasa, halafu miaka miwili mbele naenda kubana pete fundi ananiambia dada hiki kioo. Aibu hiyo anaibeba nani? Sio muuzaji, yeye keshafika Singida.

Na kuna jingine hamjalisema. Kuna familia pete inaingizwa ndani ya hesabu ya mahari. Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, inatajwa mbele ya mashahidi. Ukitaja pete ya almasi ukaleta isiyo almasi hata kama na wewe ulidanganywa, mie naona bado una deni. Mwenye elimu ya dini atusaidie, ila mie ningelidai.

Mdau wa Makorora

Dada umekuja na kesi kabisa 😂 basi asitaje almasi, aseme pete ya dhahabu yenye kito, kwisha.

Dada wa Chumbageni

Kama hawezi kulitaja mbele ya wakwe basi hata yeye haliamini. Asante kwa kunijibia.

Fundi sonara

Naomba niingie maana masonara tunasemwa. Mimi nafunga mawe miaka mingi, na ni kweli wengi wetu tuna ile testa moja tu. Ila fundi anayejiheshimu hamwambii mteja "almasi" kwa sababu testa imelia. Kuna vitu vya kufanya bila maabara kama jiwe halijafungwa kwenye pete bado. Kwanza lipime uzito na upana. Almasi ya mviringo yenye karati moja, yaani gramu 0.2, ina upana wa kama milimita 6.5. Zirkonia yenye upana huo huo itakuja karati 1.7 hivi kwa sababu ni nzito zaidi, hapo anakamatika bila kelele. Hiyo ya nusu karati kuwa na milimita 5 inaendana, kwa hiyo zirkonia naitoa. Pili chukua lenzi inayokuza mara 10, liangalie jiwe kwa upande kidogo sio juu moja kwa moja, zile kona za nyuma zikionekana mbili mbili kama umevaa miwani ya mtu hiyo ni moisanaiti. Almasi haifanyi hivyo.

Ya maabara mimi siiwezi. Nasema wazi, na fundi yeyote wa mtaani akikwambia anaitambua kwa macho mkimbie.

Na kuna jambo linanipa hofu kuliko hilo. Kuna almasi za asili kabisa ila zilikuwa na ufa, wakaujaza ufa na kitu kama kioo ili lionekane safi. Ukiletewa bila karatasi huwezi kujua. Sasa mimi nafunga jiwe, mwaka unaofuata dada analeta pete kupunguza saizi, nawasha moto, ule ujazo unachemka ndani, jiwe lililokuwa linang'aa linageuka lina ukungu na mstari katikati. Mteja anaona mimi ndo nimembadilishia jiwe. Yashanikuta. Siku hizi nikiletewa jiwe lisilo na karatasi namwandikisha mteja kabisa kwamba amelileta mwenyewe na sijui ni nini, asiyetaka kuandika aende kwa mwingine.

Mzaliwa wa Shinyanga, naishi Pongwe

Nyumbani kwetu sio mbali na Maganzo, pale mawe yapo kweli na watu wanachimba kweli. Ila kila tapeli nchi hii akishika kitu kinachong'aa anataja Mwadui. Mambo mawili ya kujua. La kwanza kama mtu anakuletea jiwe ghafi, halijakatwa, usiliguse. Kununua madini ghafi mtaani bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Madini ya 2010, na tangu 2019 masoko ya madini yapo, mwenye mzigo halali anajua pa kwenda. La pili wengine watakuonyesha karatasi ya Kimberley wakidai ndo cheti. Sio. Ule mpango ulianza 2003 kuzuia almasi za vita, ile karatasi inasindikiza mzigo wa mawe ghafi kutoka nchi moja kwenda nyingine. Haisemi chochote kuhusu kajiwe kako kalikokatwa.

Na kwa wanaosema macho yanatosha, 2017 pale uwanja wa ndege wa Dar serikali ilizuia mzigo wa almasi za Mwadui, karati zaidi ya 71,000, ubishi ulikuwa thamani. Serikali inasema imeandikwa ndogo, kampuni inasema sio. Hao wote wana wataalamu na mizani na bado walibishana. Wewe na kijiwe chako cha kahawa mtakubaliana bei kwa kutumia nini?

Mtu wa Mkinga

Mnahangaika na almasi wakati bonde la Umba lenye vito lipo mlangoni kwenu. Yakuti za Umba zina rangi mpaka unachoka, bluu, zambarau, ya machungwa, na ganeti zake. Yakuti ina ugumu wa 9, haikwaruziki ovyo. Mnunulie mtoto wa watu jiwe la mkoani kwake.

Fundi sonara

Wazo zuri na kazi za Umba nazifurahia, ila usidhani umekwepa tatizo. Yakuti za kutengeneza zipo zaidi ya miaka 100, ni za bei ya soda, na za asili nyingi zimechomwa kuongeza rangi. Nafuu iliyopo ni kwamba unaweza kumpata aliyechimba ukaongea naye.

Mdau wa Makorora

Sawa, mmenibana. Ila mbona hamsemi kuwa hivyo vyeti navyo vinaghushiwa? Mwaka 2021 GIA wenyewe walitangaza wameletewa mawe ya maabara yamechongwa ubavuni namba za vyeti vya almasi za asili. Sasa mtu ananunua cheti akidhani amenunua usalama.

Mleta mada

Hilo nalichukua, ni la kweli. Lakini angalia waligunduaje, jiwe halikuendana na cheti chake. Ndo maana cheti hakiangaliwi kama cheti cha kuzaliwa ukakiweka kabatini, unachukua ile namba unaingia kwenye tovuti ya maabara, unasoma uzito na vipimo vya milimita, halafu unalipima jiwe lako. Vikitofautiana kidogo tu unarudisha. Bila cheti hata kitu cha kulinganishia huna. Na kile cheti hakisemi bei hata siku moja, kinasema ni nini, bei mnapatana wenyewe.

Mie ninachotaka ni mtu wa tatu asiye na faida. Pale kwa sonara siku ile muuzaji alitaka hela, fundi alitaka kazi ya kufunga, mdogo wangu alitaka kuamini, wote wanne pamoja na mimi tulitaka testa ilie. Nani angesema hapana?

Basi jana nikampa jamaa masharti. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia cha serikali kinachofundisha kukata na kutambua vito, tukaanzie pale tuulize, nauli ya wote wawili juu yangu. Likithibitika ni almasi ya asili isiyo na ujazo nalipa milioni na laki mbili palepale na ya soda juu. Likiwa la maabara tunaongea bei ya maabara. Hataki safari basi anauza kama jiwe lisilojulikana, laki moja, na mdogo wangu ataliita jiwe lisilojulikana mbele ya mchumba wake.

Kanijibu kuna mteja mwingine anakuja kesho na cash.

Mdau wa Makorora

Hapo hata mie ningemwacha. Ila kwa laki moja ningechukua.

Dada wa Chumbageni

Na mkeo ungemwambia?

Mdau wa Makorora

Ningemwambia pete ya dhahabu yenye kito 😂

Dada wa Chumbageni

Mleta mada, muulize mdogo wako kama keshamuuliza huyo binti anataka nini. Inawezekana anataka bangili.

Mleta mada

Nimemuuliza sasa hivi. Hajamuuliza.