Daftari la ajali za vibarua wa tumbaku: wanaotapika usiku niwaandike wapi?

Karani_Urambo
Wadau, habari za jioni. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Urambo. Msimu uliopita mdogo wangu aliteleza ndani ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, akipandisha fito za tumbaku, akavunjika mkono. Niliposimama mkutanoni kuomba tununue ngazi imara, niliulizwa swali moja: "Wameanguka wangapi?" Sikuwa na jibu. Kila kilo ya tumbaku na kila mfuko wa mbolea tuna hesabu yake. Ya watu hatukuwa nayo.

Msimu huu nimefungua kaunta buku. Hadi leo nina ajali 9: kukatwa na panga 5, kuanguka kwenye bani 2, kuungua wakati wa kuchochea moto 2. Shamba lenye vibarua 40 lina ajali 6, la jirani yake lenye vibarua 12 lina 3. Kila mtu ananiambia lile kubwa ndilo baya. Ni kweli? Na wanaoshinda wakivuna majani, usiku wakatapika hadi kuishiwa nguvu, niwaandike wapi? Nyumbani kwao naambiwa ni malaria.

Kibirizi_Site
Dada Karani, pole kwa mdogo wako. Nasimamia usalama kwenye ujenzi hapa Kigoma. Usilinganishe ajali kwa ajali, zipime kwa saa za kazi. Tuseme wote wamefanya kazi saa 6 kwa siku, kwa siku 25. Shamba kubwa ni saa 6,000, yaani ajali moja kila saa 1,000. Dogo ni saa 1,800, ajali moja kila saa 600. Dogo ndilo linaloumiza zaidi. Shirika la Kazi Duniani hupiga hesabu kwa saa milioni 1, ila mkutanoni sema "kila saa 600", watakuelewa.

Lakini usiende kumshutumu mtu. Kwa watu 12, ajali moja ikipungua tayari ni moja kila saa 900. Ongeza safu ya siku alizokosa kazi, bila kuhesabu siku yenyewe ya ajali. Kidole kilichofungwa kitambaa na mkono uliovunjika si kitu kimoja. Na shamba ambalo halijaandika chochote msimu mzima, hilo ndilo la kwenda kutembelea kwanza.

Mkulima_Kaliua
Majina usiandike, dada. Kibarua akijua daftari linasomwa mbele ya mwenye shamba atakuficha jeraha, kesho anataka kuitwa tena. Weka namba tu.

Nesi_Sikonge
Karani, hao wanaotapika usiwaache nje. Jani la tumbaku likiwa na umande au mvua, nikotini hupita kwenye ngozi. Baada ya saa kadhaa mtu anapata kizunguzungu, kichwa, kichefuchefu, anatapika, na kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu ametulia. Ni ugonjwa wa kazi kabisa. Hapa zahanati nimewaona: kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, lakini wanabaki kusema "homa" kwa kuwa hakuna aliyewauliza jana walishinda wapi. Kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha serikali tunachoandikia wagonjwa, tumbaku haionekani kabisa.

Waulize matatu: ulivuna saa ngapi, majani yalikuwa yamelowa, nguo zililowa? Na wote waende kupima, maana malaria ipo kweli na mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Karani_Urambo
Asanteni sana. Nimechora safu upya na majina nimeyatoa. Juzi nilipita kwenye mashamba manne na maswali ya Nesi. Waliotapika mwezi huu ni 11, na 9 kati yao walianza kuvuna kabla jua halijakausha umande. Mama mmoja alinionyesha kanga anayojifunga shambani: upande wa tumboni imekuwa nyeusi, inanata kwa utomvu, na ndiyo hiyo anayombebea mtoto mgongoni akirudi.

Jumamosi tuna mkutano. Ngazi nitaiomba tena, na nitaomba uvunaji uanze umande ukikauka. Kibirizi, kesho nitakuletea saa za mashamba yote manne unisaidie kuzikagua kabla sijasimama.