Bilioni 100 kwa mwezi kwenye mafuta, kwanini isingekuwa sola?

chalii_wa_ngaramtoni
Wakuu habari za jioni. Kuna ubishi umezuka kijiweni hapa Chuga (Arusha) nimeona niulete huku. Mnakumbuka 2022 mafuta yalivyopaa baada ya vita ya Ukraine, serikali ikaanza kutoa ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Sasa mimi nauliza, hela yote ile si imetokea kwenye eksozi ikaishia hewani? Si bora wangewafungia watu wa vijijini sola ikabaki miaka na miaka? Nielewesheni, bila matusi tafadhali.

dereva_fuso
Wewe hujawahi kujaza tenki la Fuso wewe 😂 Mafuta ya huku kaskazini yanashushwa bandari ya Tanga, halafu yanapandishwa na lori ambalo lenyewe linakunywa dizeli, ndio maana kwenye bei kikomo za EWURA, wale wadhibiti wa bei ya mafuta, sisi kila mwezi tuko juu ya Tanga. Dizeli ikipanda kila kitu kinapanda, mahindi, saruji, nauli, mpaka nyanya. Mei 2022 petroli ilishapita 3,000 hata Dar kwenyewe. Sasa ungemwambia mama ntilie avumilie kwanza paneli zinakuja?

mangi_kibosho
Dereva kasema kweli ila kasema nusu. Ruzuku ikiwekwa kwenye lita inamfuata anayechoma lita nyingi, hilo halina ubishi. Boda anaweka lita mbili tatu kwa siku, mwenye kampuni ya utalii ana Land Cruiser kumi ziko njia ya Serengeti na wageni wanalipa dola, sasa nani kachota zaidi? Bibi yangu huku mgombani faida yake ni nauli ya hiace tu, tena siku akienda mjini. Na ukishawazoesha watu kutoka ni shughuli, angalia Nigeria, Rais Tinubu siku ya kuapishwa Mei 2023 akatamka ruzuku ya petroli basi, ndani ya siku chache bei ikawa zaidi ya mara mbili. Yetu angalau ilikuwa ya muda.

fundi_sola_moshi
Mbona sola nayo inabebwa jamani, ila kimyakimya. Paneli, inverta, betri za sola zina msamaha wa VAT. Shida ni kwamba msamaha unamfaa mwenye hela mkononi tayari. Mkulima wa Ngarenanyuki mwenye pampu ya petroli anaumia kidogo kidogo kila wiki, pampu ya sola anatakiwa alipe yote siku moja, akienda benki wanataka hati na shamba ni la ukoo. Hapo kwenye hela ya kuanzia ndipo ruzuku ingekaa vizuri. Na serikali njia inaijua, si mnaona mitungi ya gesi inavyouzwa nusu bei vijijini kupitia REA, wakala wa nishati vijijini? (Gesi nayo ni mafuta ya kisukuku yale yale lakini haya, afadhali kuliko mkaa.) Halafu cha kuchekesha, mfuko wa REA unakula tozo ya mafuta, kwa hiyo dereva kila ukijaza tenki unachangia nguzo za kijijini kwa mangi.

dereva_fuso
Kumbe mimi ni mfadhili 😂😂 mangi aniletee ndizi basi

neema_usariver
Mimi naona mnazunguka tu. Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, maji hayo hayaagizwi kwa meli wala hayapandi bei Ukraine ikipigwa. Wangeweka ruzuku kwenye boda na bajaji za umeme tungepunguza huo utumwa wa petroli kabisa.

chalii_wa_ngaramtoni
Asanteni, nimepata cha kurudi nacho kijiweni. Fundi hiyo pampu ya sola kwa ekari moja ya vitunguu inasimama shilingi ngapi?

fundi_sola_moshi
Inategemea kisima kina urefu gani mkuu, wa mfereji na wa kisima kirefu hawalipi sawa. Unatoa maji wapi?