Tupeane uzoefu: Ugonjwa uliotoka kwa mnyama ukakupata wewe au mtu wako, nani aligundua?

Mfugaji wa Katesh

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa visa vya magonjwa ambayo binadamu anayapata kwa wanyama: ng'ombe, mbuzi, mbwa, panya, nguruwe, ngamia, yeyote yule. Si habari za kusikia kwa jirani wa jirani. Nataka kilichokupata wewe au mtu wa nyumbani kwako. Naanzisha mada hii kwa sababu naamini wengi wetu tunaumwa muda mrefu, na wengine tunazikwa, kwa kukosa swali moja tu pale kwa daktari: "Unaishi na mnyama gani?"

Naanza mimi. Niliumwa homa ya jioni. Asubuhi naamka mzima, nafungulia ng'ombe. Ikikaribia magharibi mwili unaanza kuvunjika, usiku jasho mpaka shuka lianikwe. Kiuno na magoti yakawa hayanipi nafasi. Zahanati walipima malaria hawakuiona, dawa ya malaria wakanipa hivyo hivyo. Baadaye nikaambiwa ni taifodi na UTI, nikachomwa sindano. Homa inatulia, halafu inarudi. Nilikonda, na watu wakaanza kunong'ona wanayonong'ona.

Aliyegundua ni bwana mifugo. Alikuja kuangalia mitamba wangu wawili waliotupa mimba kubwa, akauliza nani aliyevuta kondo la nyuma. Nikamwambia ni mimi, kwa mikono, ndivyo tulivyofundishwa na wazee. Akaniangalia usoni akauliza, "Na wewe mwenyewe afya yako ikoje?" Hakuna mtu kabla yake aliyekuwa ameunganisha mimba za ng'ombe na homa zangu. Aliniandikia jina la ugonjwa kwenye karatasi nikaenda nalo hospitali: brusela, wengine wanaita ugonjwa wa kutupa mimba. Nikapewa doksisaiklini na rifampisini za wiki 6, na nikaambiwa nisikatishe hata nikijisikia nimepona, maana ukikatisha unarudi.

Kondo, maji ya uzazi na ndama aliyetupwa ndimo vijidudu vinamojaa. Na kwenye maziwa mabichi. Kwangu siku hizi ng'ombe akitupa, vyote vinafukiwa shimo refu mbwa wasifukue, anayeshika amevaa glavu ndefu, na maziwa yanachemshwa hata yale ya kugandisha.

Karibuni. Semeni ni mnyama gani, mliumwaje, na nani aligundua.

Mama wa Mugumu

Pole sana kaka Mfugaji. Kwangu alikuwa mbwa.

Mbwa wa jirani, tunayemjua miaka yote, aliingia uani mchana akamng'ata mwanangu wa darasa la pili kwenye kigimbi. Alikuwa habweki, mate yanamtiririka, anapita kama hatuoni. Wifi yangu amesomea uuguzi na siku hiyo alikuwepo nyumbani. Mama mkwe alishaleta pilipili na mafuta ya taa ya kupaka. Wifi akasema, "Mama, samahani, hapana," akambeba mtoto hadi bombani, sabuni ya kufulia, maji yakitiririka juu ya kidonda dakika 15 kwa kuangalia saa. Mtoto analia, mimi nalia. Baadaye akanieleza kwamba kirusi cha kichaa cha mbwa kinaingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda polepole mpaka ubongoni, kwa hiyo kila unachokiosha pale kidondani ni adui aliyezuiwa kabla hajaanza safari. Na akasema tusikishone wala kukifunga, tuondoke.

Zahanati chanjo hakuna. Kituo cha afya hakuna. Tuliipata mbali, kwa pesa, tukauza mbuzi. Sindano ya kwanza siku hiyo hiyo, zilizofuata kwa tarehe walizotuandikia, hatukuruka hata moja. Mwanangu yuko darasa la nne sasa.

Sehemu inayoniuma ni hii. Mbwa yule kabla ya kufika kwetu alishampitia kijana mchunga ng'ombe wa mji wa pili. Jino lilimkwaruza tu mkononi, hata damu haikutoka vizuri. Tulituma ujumbe kwao. Wakaangalia kidonda, kimefunga, wakaona yamekwisha. Kama miezi miwili baadaye akaanza kuhisi ganzi na mwasho pale pale palipokwaruzwa, ikafuata homa, kisha ikawa akiletewa maji koo linakaza, mlango ukifunguliwa upepo tu ukimgusa anaruka. Walimpeleka kwa mganga kwanza, wakidhani amerogwa. Hospitali walimpokea vizuri, lakini ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hakuna tena dawa ya kuurudisha nyuma. Alikuwa na akili zake timamu karibu muda wote. Alimwambia mama yake akae mbali asije akamng'ata. Mama huyo ndiye aliyeniambia niandike.

Binti Ruangwa

Da Mama wa Mugumu, nimesoma nikashindwa kuendelea na kazi. Mungu amlaze kijana pema.

Mimi ni wa Lindi. Mnakumbuka Julai 2022, wilaya ya Ruangwa, watu walipoanza kuumwa homa, kichwa, kuishiwa nguvu na kutokwa damu puani? Wagonjwa 20, watatu walifariki. Siku zile za mwanzo hofu ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa wenyewe: watu wanataja Ebola, wengine wanataja mambo ya kishirikina, safari zikasimama. Sampuli zikapimwa, Ebola hakuna, Marburg hakuna, korona hakuna. Ndipo Waziri wa Afya wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni homa ya mgunda. Bakteria wake wanatoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, wanakaa kwenye maji na matope, wanaingia mwilini kupitia michubuko, macho au mdomo.

Kwa nini naliandika hapa: baada ya hapo baba mdogo aliumwa. Homa, macho mekundu bila tongotongo, vigimbi vinauma asikanyage, kisha macho yakaanza kuwa manjano. Kwa kuwa jina la ugonjwa tulishalijua, mama mdogo hakusubiri kuulizwa. Alivyoingia tu kwa daktari akasema: huyu analima mpunga bondeni pekupeku, na ghala letu lina panya. Daktari akaanza antibiotiki siku hiyo hiyo. Baba mdogo amepona, analima kwa gambuti, na mpunga umehamia kwenye madebe yenye mifuniko.

Bwana Mifugo Mstaafu

Vijana wangu, hongereni kwa mada. Nimefanya kazi ya mifugo kaskazini kwa miaka mingi, na ninayotaka kuwaachia ni kimeta.

Kimeta hakikuletei ng'ombe mgonjwa. Kinakuletea ng'ombe aliyekutwa amekufa, jana alikuwa malishoni mzima. Anavimba haraka, damu nyeusi inatoka puani na nyuma, haigandi, na mwili haukakamai kama mizoga mingine. Mwenye ng'ombe anaumia rohoni, thamani yote imelala chini. Basi anaita watu, wanachinja kibudu, wanagawana. Niliitwa sehemu moja baada ya nyama kuwa imeshaliwa. Waliochuna ngozi walikuwa na kipele mkononi kilichogeuka lengelenge, kisha kidonda cheusi katikati, kimevimba pembeni lakini hakiumi. Kwa sababu hakiumi hawakwenda popote. Tulizunguka nyumba kwa nyumba na watu wa afya, kila aliyegusa au kula akapewa dawa. Wa vidonda tuliwawahi. Mzee mmoja aliyekula alianza na tumbo na kuhara damu, huyo hatukumuwahi.

Nieleze kwa nini tunasema mzoga usipasuliwe. Bakteria wa kimeta wakiwa ndani ya mzoga uliofungwa, wengi wanakufa wenyewe mzoga unapooza. Ukiupasua, damu ikakutana na hewa, wanajigeuza kuwa mbegu ngumu, na mbegu hizo zinakaa kwenye udongo miaka makumi. Mvua ikija inazifukua, ng'ombe wa mjukuu wako wanazila na majani. Kwa hiyo mzoga wa ghafla usichunwe wala kuburutwa. Chomeni pale pale, au fukieni shimo refu na chokaa juu, mwite afisa mifugo. Na walio hai wachanjwe kila mwaka kwenye maeneo yenye historia.

Bwana Mfugaji, kuhusu brusela: ulibahatika kwamba aliyekuja alikuwa mtu anayeuliza. Sisi wa mifugo nasi tuna tabia ya kutibu zizi na kusahau anayelala nyumba ya pili. Niliposhtuka, nikawa kila nikiona mimba zinatupwa nauliza nani ana homa humu ndani. Mara nyingi yupo.

Abdi wa Garissa

Salamu kutoka Kenya. Mzee umeongea ukweli kuhusu kuuliza.

Sisi ni mwisho wa 2006. Mvua ilinyesha hadi barabara zikakatika, maji yakasimama kila mahali, mbu wakawa wengi kuliko nilivyowahi kuona. Mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba, zizi zima kwa wakati mmoja, na wana-kondoo wachanga wakifa. Wazee walisema haya tuliyaona wakati wa mvua ya El Niño ya 1997. Mjomba wangu alikuwa mchinjaji. Alishikwa na homa, akaanza kutapika damu na kutoka damu kwenye fizi. Hakumaliza wiki.

Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza hapa kwetu Kenya, kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha, mwaka 1931. Mayai ya mbu wanaoubeba yanangoja kwenye udongo mkavu kwa miaka, mafuriko yakija yanaanguliwa. Mbu anauma mnyama, lakini binadamu wengi wanaupata kwa damu: kuchinja, kusaidia kondoo anayetupa, kushika kitoto kilichotupwa. Kenya pekee walikufa watu zaidi ya 150 kipindi hicho, na 2007 ukavuka hadi Tanzania. Serikali ilipiga marufuku kuchinja na kusafirisha mifugo. Kwa mfugaji wa Garissa hiyo ni njaa ya moja kwa moja, na hakuna aliyetulipa. Lakini kama marufuku ingekuja wakati mimba za kwanza zilipotupwa, badala ya kungoja binadamu waanze kutokwa damu, mjomba hangekuwa amechinja wiki ile. Mnyama ndiye anayetangulia kutoa habari. Asikilizwe mapema.

Kijana wa Mbulu

Nimesubiri uanze uzi wa namna hii. Dada yangu alianza kifafa akiwa mtu mzima mwenye watoto wawili. Hakuwahi kuanguka utotoni. Tumehangaika na waganga, maombi, kuchanjwa chale, mume akaondoka. Alipopigwa picha ya ubongo hospitali kubwa, vikaonekana vifuko vidogo. Daktari akasema ni tegu la nguruwe.

Tukabisha, maana nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kula kitimoto. Hapo ndipo alipotufundisha jambo ambalo nataka kila mtu alijue. Ukila nyama ya nguruwe yenye vile vifuko vyeupe kama punje, haijaiva, unapata tegu la tumboni. Mwenye tegu tumboni anatoa mayai kwenye choo kikubwa. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu yeyote, awe anakula nguruwe au hali, kwa mikono isiyonawa, mboga mbichi au maji, yanaanguliwa na vijidudu vinasafiri hadi kwenye misuli na ubongo. Kwa hiyo dada yangu hakuupata kwa nyama. Aliupata kwa choo cha mtu mwingine. Na nguruwe naye anaupata kwa kuzurura na kula kinyesi.

Anatumia dawa za kifafa, na alipewa albendazoli na dawa ya kupunguza uvimbe akiwa wodini, maana vijidudu vikifa ubongoni vinaweza kuleta uvimbe, usijinunulie dukani. Hajaanguka muda mrefu sasa. Kijijini tumeanza kupigania vyoo na nguruwe kufungiwa bandani. Maneno bado yapo kwamba dada alirogwa na mkemwenza. Wanawake wawili hawasalimiani kwa sababu ya mdudu.

Umm Said, Salalah

Assalaam alaykum ndugu zangu. Huku Dhofar, Oman, brusela tunaijua vizuri, maziwa ya ngamia na ya mbuzi hunywewa yakiwa bado na joto la kiwele, ni heshima ya mgeni. Mwanangu alipata, daktari hapa alimuuliza la kwanza kabisa: umekunywa maziwa kwa nani? Siku hizi tukialikwa nachukua maziwa kwa mikono miwili, nashukuru, naomba niyapeleke nyumbani. Nikifika nayachemsha. Hakuna aliyenikasirikia.

Mgeni wa Babati

Nina maswali mawili kwa mzee wetu. Mtindi uliochacha sana je, hauui brusela? Na watoto wa mbwa wa wiki chache nao wachanjwe, maana waliokuja na chanjo kwetu waliwarudisha?

Bwana Mifugo Mstaafu

Mtindi usiutegemee, uchachu hauwezi kuhakikisha vijidudu wamekufa. Chemsha, poza, ndipo ugandishe. Ladha inabadilika kidogo, utaizoea.

Watoto wa mbwa wachanjwe, hata wakiwa chini ya miezi mitatu, kisha warudiwe kwenye chanjo inayofuata. Ndio wanaobebwa na watoto na kulambana nao. Tunachotafuta ni angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa, hapo kichaa kinakosa pa kupita, na mbwa wadogo ni wengi sana kuwaacha nje ya hesabu. Zungumza na ofisi ya mifugo ya kata, na ikifika 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, uliza kama kuna chanjo ya bure kwenu. Wabebeni kwenye kapu, msiwafunge kamba shingoni, watajinyonga wakigombana na wakubwa.