Naomba ushauri: spika ya betri kwa shughuli ndogondogo, nipo Mbeya

Habari zenu wakuu, nipo Uyole, napiga muziki kwenye vishughuli vidogo, send-off, kipaimara, vikoba vya akina mama, watu 60 hadi 100 hivi, mara nyingi nje chini ya turubai. Nataka spika moja yenye amplifaya ndani na betri yake maana ukienda Tukuyu mvua ikianza tu umeme nao unaaga, na jenereta ukiiweka karibu maiki inabeba ngurumo yote. Nimeangalia Bose S1 Pro, kilo 7 tu na betri wanasema saa 11, na JBL EON One Compact ambayo betri unachomoa unaweka nyingine, hilo ndo limenivutia. Sasa wufa (ile spika ya ndani inayotoa besi) zenyewe ni ndogo, Bose inchi 6, JBL inchi 8, wamama wakianza kuserebuka besi itatosha kweli? Jamaa mmoja ananishawishi PartyBox 110 ya JBL, taa kibao, tundu la maiki lipo, ila mi naiona ya sebuleni. Na zile zilizoandikwa wati 5000 msinitajie kabisa 😂. Aliyezitumia uwanjani anijuze, na betri ya akiba naipata hapa Mbeya au mpaka niagize Dar?