Mrejesho: pikapu ya petroli iliyokuwa ikigonga mlimani

Wakuu, niliomba msaada kuhusu pikapu yangu ya zamani ya kabureta: ikishapata moto na kubeba mzigo, mlimani injini inagonga kama njugu zinazotikiswa kwenye kopo. Asanteni sana kwa majibu.

Petroli ya oktani ya juu ilipunguza mlio, haikuumaliza. Dawa ya kusafisha kaboni ya kumwaga kwenye tangi, kwangu bure kabisa.

Kilichofanya kazi ni taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Fundi alichomoa mpira wa vakyumu kwenye distributa (kifaa kinachogawia plagi umeme wa cheche), akauziba, akamulika puli kwa taa ya taimingi: nyuzi 14, wakati kibandiko chini ya boneti kinasema 8, yaani cheche ilikuwa inawahi mno. Akalegeza boliti ya distributa, akaizungusha kidogo kidogo hadi alama ikakaa, akakaza.

Sasa inapanda kimya, ila nikiwa na mzigo mzito kwenye gia ya nne injini bado inagonga kidogo. Nikishusha ya tatu inaacha. Valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako) ndiyo inayofuata kufunguliwa. Mlioniambia ni bearingi za kondarodi (mikono ya pistoni) mlinikosesha usingizi jamani! Presha ya oili tumepima, iko sawa.