Gemu imeandikwa inakubali pedi, nikibana L2 na R2 pamoja bunduki inagoma! Huu si utapeli?

Wakuu, nimevumilia wiki nzima, leo natema.

Mimi nashinda steshenari. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka giza linaingia nachapa barua za kuomba kazi na mikataba ya kupanga nyumba. Nikirudi geto sitaki kuona kibodi wala mausi. Nachomeka kompyuta kwenye TV, najitupa kwenye kochi, pedi mkononi (pedi ya gemu, mwenye mawazo mengine apite kimyakimya). Nimekulia kwenye mabanda ya PS, vidole vyangu vimesomea huko.

Sasa nikanunua gemu ya vita mtandaoni, 38,000 yangu halali. Kwenye ukurasa wake wameweka kabisa kialama cha pedi. Kampuni siitaji, wakipita hapa watajijua. Pedi nikaifuata Kariakoo, ya mtindo wa Xbox, mtumba lakini nzima, 45,000.

Naingia mchezoni. Nabana L2 (kitufe cha nyuma kushoto, R2 ni cha kulia; kwenye pedi za Xbox huandikwa LT na RT, ila mimi ni wa PS), askari anainua bunduki, jicho kwenye darubini, safi. Adui huyo dirishani. Nabana R2 huku L2 nimeishikilia. Bunduki inashuka! Hailengi, hailii, jamaa kasimama kama mgambo anayesubiri posho. Nikiachia L2 ndiyo inafyatuka, tena ukutani. Nimekufa mara kumi na moja kwenye ngazi ileile moja.

Nikajua nimeuziwa kimeo. Nikabonyeza Windows na R, nikaandika joy.cpl, nikafungua sehemu ya kupima pedi. Ukibana L2 mstari wa Z unakimbilia upande mmoja, ukibana R2 unakimbilia mwingine, ukibana zote mbili unarudi katikati kana kwamba hujagusa kitu. Kumbe pedi haina kosa! Gemu ya hawa mabwana inaisoma kwa DirectInput, njia ya kizamani ya Windows kusoma pedi, na kwa njia hiyo pedi hizi L2 na R2 zinaonekana mhimili mmoja. Hii inajumlisha, ile inatoa, jibu sifuri. XInput, njia mpya zaidi inayoisoma kila moja kivyake, ipo tangu Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005. 2005 wakuu! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana kadi ya mpiga kura.

Naomba kuuliza tu, aliyeweka kile kialama alifyatua hata risasi moja? Maana gemu ya risasi ni kulenga na kufyatua, hakuna kingine. Ni sawa na kuuziwa baiskeli ambayo ukikanyaga pedeli usukani unachomoka.

Na vitufe havibadilishwi. Unachagua mpangilio wa kwanza au wa pili, na kote kufyatua ni R2 ileile. Hakuna pa kuiambia gemu ipuuze mtikisiko mdogo wa kijiti cha kugeukia, kwa hiyo kijiti kikichoka kidogo tu askari anageuka mwenyewe polepole kama feni mbovu. Bomu limedondoka miguuni, skrini inaniambia "bonyeza G". G iko wapi kwenye pedi jamani? Hiyo G nimeitafuta mpaka nikalipuka.

Hela hairudi. Sharti la duka ni uwe hujazidisha masaa mawili ya kucheza, na masaa yangu mawili yaliishia kwenye mipangilio.

Najua mnakuja na "tumia mausi, inalenga vizuri". Sibishi. Mwenye mausi anavuta mkono mara moja keshageuka nyuma, mimi kijiti nikikisukuma hadi mwisho kasi ya kugeuka ina kikomo. Ndiyo maana gemu za watu wanaojali zinaweka msaada wa kulenga, yaani gemu inakusaidia kidogo kuelekeza bunduki kwa adui, ambao hii haina. Wanaouita wizi wajaribu kwanza kulenga kichwa kwa kidole gumba. Halafu mimi nacheza peke yangu na kompyuta, simwibii mtu ushindi. Wangeandika "kibodi na mausi tu" ningepita zangu na hela yangu mfukoni.

NYONGEZA: Kuna mdau kanielekeza niweke JoyToKey, programu ya kugeuza vitufe vya pedi viwe vya kibodi au mausi, L2 na R2 nizigeuze ziwe mibofyo ya mausi, kulia na kushoto. Mungu ambariki, sasa inafyatua huku nimelenga. Ila kila risasi gemu inadhani nimehamia kwenye mausi, maelekezo ya skrini yanarukaruka, mara A ya pedi, mara Enter ya kibodi, mara A tena. Na menyu ya kuhifadhi haitaki pedi hata kwa dawa. Kwa hiyo hivi ninavyoandika niko kwenye kochi, pedi mkononi, mausi pajani juu ya daftari la madeni ya steshenari.