Je, Jeter alipaswa kumpisha Alex Rodriguez mwaka 2004?

Mwana wa Kisauni:
Ndugu zangu, Rodriguez alipotua Yankees, klabu ya besiboli ya New York, mwaka 2004 akitokea Texas Rangers, alikuwa ametwaa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, miaka miwili mfululizo akiwa shotistopu, yaani mlinzi anayesimama baina ya besi ya pili na ya tatu. Hata hivyo, yeye ndiye aliyehamishiwa besi ya tatu, na kapteni Derek Jeter akabaki shotistopu pale pale. Naamini klabu ilikosea. Mipira iliyopita kushoto kwa Jeter ilimshinda mara nyingi, na vipimo vya ulinzi vinaonyesha kwamba tangu 2003 hadi alipostaafu 2014 aliigharimu timu zaidi ya pointi 100. Ukapteni haudaki mpira.

Mzee Sudi:
Hayo maneno matatu ya mwisho yameniuma. Tarehe 13 Oktoba 2001, kule Oakland, Yankees walikuwa wameshafungwa michezo miwili na wanaongoza 1-0 katika mchezo ambao wakiupoteza wanarudi nyumbani. Mpira uliorushwa na Shane Spencer kutoka pembe ya kulia uliwapita juu wenzake wawili waliokuwa wakiungojea. Jeter akatokea mbio kutoka upande wa pili wa uwanja, akauokota karibu na mstari wa besi ya kwanza, akamsukumia Posada, mdakaji wa Yankees, kwa mkono huku mwili ukielekea kwingine, na Jeremy Giambi wa Oakland, aliyekuwa akikimbilia besi ya nyumbani, akatolewa. Mtu huyo ndiye tunayeambiwa hafiki kwenye mipira? Isitoshe, alipewa Glavu za Dhahabu sita.

Bi Tatu:
Shikamoo, mzee wangu. Glavu ni tano: 2004, 2005, 2006, 2009 na 2010, na wakati ule zilitolewa kwa kura za mameneja na makocha, ambao ni watu wanaovutwa na jina kama sisi sote. Kuhusu Oakland, tusisahau kwamba Giambi alikuja wima. Angeserereka chini, mguu wake ungetangulia, na leo tusingekuwa na kisa hiki.

Mzee Sudi:
Marahaba, mwanangu. Kwa glavu nimekosea na ninakubali. Kwa Giambi sikubali hata kidogo. Iwe aliserereka au hakuserereka, Jeter alikuwa anafanya nini pale, mbali hivyo na nafasi yake? Wenyewe walieleza kwamba jambo hilo walilifanyia mazoezi. Kuwahi mahali ambapo hakuna aliyekutarajia nako ni ulinzi, na hakuna kipimo kinachoweza kuuhesabu.

Mkazi wa Chini:
Naomba turudi kwenye hoja. Kulia kwake Jeter alikuwa hodari: aliufuata mpira hadi ndani kabisa, akaruka, akajipinda hewani na kuurusha besi ya kwanza kabla miguu haijagusa ardhi. Mrusho ule ulipendeza macho kuliko mwingine wowote wa zama zake. Lakini mpira unaopita katikati ya uwanja mlinzi asiufikie haurudiwi kwenye televisheni, na ndiyo maana watu wengi hawakuuona udhaifu wake. Mipigo yake 3,465 ni hazina, nami sina neno nayo; ila Yankees wangebaki na mipigo hiyo hata kama angehamia besi nyingine.

Mwana wa Kisauni:
Ahsante, hilo ndilo nililolisema tangu mwanzo. Sijamvunjia mtu heshima, na simpunguzii Jeter kura zake 396 kati ya 397 za kuingia Cooperstown, kwenye Ukumbi wa Mashuhuri wa besiboli. Ila Bi Tatu yuko sahihi kuhusu Giambi.

Mzee Sudi:
Hayuko sahihi. Nimeitazama tena picha ile asubuhi hii, taratibu. Glavu ya Posada inamgusa Giambi nyuma ya mguu wa kulia, na unyayo bado uko hewani.

Bi Tatu:
Uko hewani kwa sababu anakimbia, mzee wangu. Anayeserereka unyayo wake uko chini.